Randa ya Kidole

Zilikuwa tano, zimelala kwenye kopo la biskuti.
Kubwa yao haikufikia urefu wa kidole changu cha shahada,
ndogo yao ungeidhania kunde iliyotiwa chuma.
Shaba yake ilikuwa imelika mahali pamoja, juu mgongoni,
kishimo laini cha gumba la Vendelín:
miaka arobaini ya kusukuma, na shaba ikakubali.

Luby, wakati wa baridi. Theluji imefika kizingiti cha dirisha,
jiko la makaa linakohoa, gundi inapata moto taratibu,
nami, miaka kumi na sita, aproni imenizidi,
napewa tumbo la fidla, msonobari wa mlimani
uliokaushwa kabla sijazaliwa.
"Milimita tatu," akasema. "Pembeni, mbili na nusu.
Msumeno hukata mbele na nyuma. Hii hukata mbele tu,
wala haijui kurudisha."

Maranda yakajikunja, membamba,
ungeweza kusoma gazeti kupitia kwayo.
Nikayapenda mno. Hapo ndipo kosa lilipoanzia:
nilikuwa nachonga maranda, nimesahau fidla.
Kisha chuma kikaanza kuvuta,
kung'oa nyuzi za mti badala ya kuzikata,
nami nikaongeza nguvu, kama afanyavyo kila asiyejua,
hadi nilipouinua ubao mbele ya taa
nikaona mwanga umepenya, mwekundu,
kama unavyopenya sikio la mtoto.

Kalipa ilisema moja na robo.

Sikulala. Asubuhi nilikuta kiraka kimeshabandikwa kwa ndani,
kimefuata nyuzi, kingo zake zimefifia hadi si kitu.
Vendelín hakusema neno. Alikuwa ananoa.
Alizinoa zote tano mpaka mchana,
jiwe, maji, jiwe,
akijaribu makali kwenye ukucha wake:
yakiuma, sawa; yakiteleza, jiwe tena.
Kila msuguo nikauhesabu kuwa tusi langu.
Fidla ikafungwa, ikapakwa vanishi, ikauzwa Plzeň
kwa mwalimu mmoja wa shule.

Mwaka huu imerudi.
Mjukuu wa yule mwalimu kaileta ndani ya blanketi,
ina ufa karibu na tundu la sauti.
Nikapenyeza kisu kwenye mshono, gundi kuukuu ikaachia, tak,
nikaifungua kama mtu afunguaye barua asiyoandikiwa.
Kiraka kipo. Hakijanyanyuka hata unywele.
Na juu yake penseli, zile herufi zake za kuinama:

*Drahuše hana kosa.
Nilimpa chuma butu. V.*

Miaka arobaini na minne. Nilikaa kitini.
Gundi ikapoa, ikaota ngozi juu kama maziwa.

Radim, mwanafunzi wangu, alikuwa mlangoni na koti lake,
hajui aingie au arudi kwao.
Jana nilimfokea mbele ya mteja
kwa sababu ya shingo ya fidla aliyoichubua.
Nilinyoosha mkono, nikaomba randa aliyoitumia.
Nikaugusisha ulimi wake kwenye ukucha wangu.

Uliteleza.

Nikamwambia alete jiwe, na maji.