Mengineyo

Baraza la Chuo, saa nne za asubuhi, Wete.
Viti kumi na vinne vya ngozi, na cha kumi na tano
cha plastiki, kimetolewa jikoni, bado kibichi kwa maji ya dekio.
Ndicho changu.
Mwakilishi wa wanafunzi, kifungu sijui cha ngapi:
anayo sauti, hana kura.

Makabrasha yamechapwa kumi na manne.
"Utaangalia na mwenzako," akanambia Mrajisi,
na mwenzangu, Mhasibu, akaisogeza karatasi
kiasi cha mimi kuona ukingo wake tu
na pete yake ya feruzi.

Nimevaa buibui la Idi.
Mama kalipiga pasi ya makaa usiku, huku akisema:
ukifika huko usikae kama uliyekwenda kuposwa.

Ajenda ya pili, kuthibitisha kumbukumbu
za kikao kilichopita. Nami nilikuwapo.
Nimeandikwa mara moja, safu ya chini ya waliohudhuria,
na jina limekosewa: Mizi Fakih.
Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akaitazama saa ya ukutani.
"Hilo, binti yangu, tutalitia kwenye mengineyo."

Mengineyo huja baada ya sambusa,
wajumbe wameshafunga mikoba,
dereva wa mmoja wao keshawasha gari.

Ajenda ya tano. Ada.
Mwisho wa kulipa, tarehe thalathini Juni.
Asiyelipa haingii chumba cha mtihani.
Kuna anayepinga? Hakuna. Basi tuende...

Mfukoni nina kipande cha risiti. Kombo wa dahalia ya wanaume
alinipenyezea jana dirishani mwa maktaba,
nyuma yake mwandiko umelala kama mpunga ulionyeshewa:

*Kiti tulikupa Mize, si pambo la kutazamwa,*
*Ulimi usiulaze, kuna neno la kusemwa,*
*Wenye viti waeleze, tusije tukasukumwa,*
*Tuuze nini, tuuze, na mti haujachumwa?*

Asiyekuwepo na lake halipo, tulifunzwa skuli.
Mimi nipo.
Langu ndilo halipo.

Nikasimama. Hakuna aliyenipa ruhusa.
Kiti kikalia sakafuni, kwaa, wakageuka wote.
Nikasema, Mheshimiwa, kwetu Mtambwe
baba hana mshahara, ana mikarafuu kumi na saba,
na mmoja umekauka.
Juni karafuu ni vichwa vya kijani, hata ndege havitaki.
Wasichana wa dahalia tumehesabiana, kitanda kwa kitanda:
mia na sita, ada yao iko juu ya mti.
Hatukatai kulipa. Tunaomba mtungoje tushuke.

Sauti ilinitetema hapo kwenye "mti". Nimeona nisifiche.

Kiyoyozi kilivuma peke yake.
Kisha Mhasibu, bila ya kunitazama,
akajipapasa kovu la kiwiko, refu, la zamani,
la mtu aliyewahi kuteleza tawini,
akauliza polepole, "Mwaka huu zimechelewa?"
"Zimechelewa."
Akaisukuma karatasi hadi katikati yetu.

Ubishi ukaenda mpaka adhana ya adhuhuri.
Wakaandika: suala liahirishwe, lijadiliwe kikao kijacho.
Kikao kijacho ni tarehe mbili Julai.
Niliihesabu kwa vidole chini ya meza, mara mbili,
nikidhani nimekosea.
Nikalisema na hilo. Wakacheka kidogo, kwa haya.
Wakasogeza kikao: ishirini na tano Juni.

Ukumbini Bi Thureya, mwandishi wa kumbukumbu,
alinikamata mkono, kalamu mdomoni:
"Mize, kwa e?"
Kwa e. Na Faki haina h.
Akaandika, akapiga mstari chini yake.

Kiti nilikirudisha mwenyewe.
Bi Asaa alikuwa akikosha sahani za sambusa.
"Wamekupeni?"
"Wamenisikiliza."
Akafunga bomba, akanikazia macho.
"Mie sikukuuliza hilo."