Kifungu cha Tisa

Walinipa kalamu kabla ya kiti.
"Saini hapa, hapa, na hapa," alisema Bi. Anjela,
kidole chake kikiruka kurasa
kama mtu avukaye matope ya Pasua na viatu vya harusi.

Nilikuwa nimetembea kutoka Njoro,
vyeti ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kanga,
maana Moshi ya Aprili haina urafiki na karatasi.

Chuoni walitufundisha: ukimkuta mtu kalala barabarani
usianze na kidonda kinachopiga kelele.
Anza na hewa. Inapita?
Kisha pumzi. Kisha damu, inakwenda wapi.
Nikauvuta mkataba, nikauinamia vivyo hivyo.

Cha kwanza hadi cha tatu: kifua kinapanda, kinashuka.
Cha nne, mshahara. Unahema, kwa shida.
Cha tano: saa za kazi zitahesabiwa gari linapowashwa,
zitakoma gari linapozimwa.
Nikarudia. Nikarudia tena.
Basi usiku kucha nikikaa na buti miguuni,
sikio kwenye simu,
pale mimi ni nani? Mgeni wa benchi?

Cha saba: glavu, jozi nne kwa zamu.
Nikawaza ajali moja tu ya bodaboda pale Kiborloni,
nikahesabu mikono.

Cha tisa kilikuwa na herufi ndogo kama mayai ya chawa:
kifaa kitakachopotea mikononi mwa mhudumu
kitalipwa na mhudumu.
"Kifaa kama nini?"
"Ah, lugha ya wanasheria tu hiyo. Hapa sisi ni familia."
Mama yangu aliuza ndizi Mbuyuni miaka kumi na tisa
na kila aliyemwita dada ndiye aliyeondoka na deni.

Ndewirwa, dereva, alikuwa mlangoni na chai ya rangi.
Akachomoa karatasi ya mshahara iliyokunjwa mara nane,
laini kwenye mikunjo kama kitambaa.
Makato: blanketi, moja. Elfu thelathini na tano.
"Aliondoka nalo mzee wa Uchira," akasema.
"Alishakata roho. Binti yake akamfunika nalo mpaka kichwani.
Ungemwambia nini? Nirudishie?"
Akakunja karatasi. "Mgeni njoo," akasema,
na hakumalizia.

Ningependa kuandika kwamba nilipiga meza,
nikataja sheria kwa namba.
Nina kodi ya miezi mitatu,
na mdogo wangu Aikande yuko kidato cha pili.
Nilisema tu, kwa sauti iliyotoka nyembamba:
"Naomba nakala nikaisome nyumbani."

Bi. Anjela alinitazama kama nimeomba figo.
"Hajawahi mtu kuomba. Na mashine ni mbovu."
Mashine ilikuwa nyuma yake, taa ya kijani inapepesa.

Simu ikalia. Himo. Lori la mahindi, watu watatu.
"Bila saini hupandi!"
Ndewirwa aliwasha injini,
akafungua mlango wa nyuma, akauacha wazi.

Jozi nne ziliishia kwa mtu wa pili.
Wa tatu nilimshika kwa jozi za Ndewirwa,
mama mmoja aliyetetemeka, akiuliza viatu vyake.
Nikamfunika. Na njia nzima, mpaka mapokezi,
vidole vyangu vilishika pindo la lile blanketi.
Nilipogundua, niliona haya
kuliko siku zote za maisha yangu.
Nikaachia.

Tuliporudi mkataba ulikuwa mezani bado,
kalamu juu yake.
Ndewirwa akazima gari, kukawa kimya,
matone tu juu ya bati.
Nikatoa daftari kuukuu la Aikande,
nikageuza nyuma ya hesabu zake za aljebra, nikaandika:

Nimefika saa moja na robo.
Gari limezimwa saa tano na dakika nane.
Bado niko kazini.