Usiku wa Nane

Kadi ya Raya naiweka katika kopo la biskuti,
pamoja na hati ya shamba na jino la kwanza la Kombo kung'oka.
Siku ile niliitoa mara tatu.
Mara tatu nikairudisha.

Si kwamba sijui. Mtu asinisomeshe.
Nilikuwapo mimi, si redio,
siku ya nane baada ya sindano ya surua,
Kombo alipokakamaa mapajani mwangu,
macho weupe mtupu,
Hamadi kakimbia peku hadi Konde kutafuta gari.
Dakika tatu. Daktari kasema tatu.
Mimi hadi leo sijamaliza kuzihesabu.

Sasa ana miaka saba, anapanda minazi ya watu
na kutukanwa kama wenziwe.
"Degedege la homa," kasema Bi Zuwena wa kituoni,
"hutisha, likapita. Huwapata wachache mno.
Surua ndiyo haipiti bure."
Wachache, ndiyo. Lakini yule mmoja
alikuwa na jina, na mimi ndiye niliyempa.

Aliyeumwa na nyoka, ung'ongo humshtua.
Nami kazi yangu ni mikeka:
ung'ongo naushika kutwa.

Nyuma ya ukuta huu wa udongo yupo Shaame wa Asaa.
Kila mwezi huvushwa kwenda Mnazi Mmoja,
akarudi hana nywele, hana hamu ya uji;
dawa ya saratani imemvua kinga yote.
Sindano hii yeye kakatazwa.
Kinga yake ni watoto wa mtaa.
Ni Raya, anayetambaa kila asubuhi
hadi kizingitini pao,
akampa uso aupapase,
akamkoholea.

Asaa hajaniomba neno.
Laiti angeniomba, nipate kumkasirikia.
Juzi kaniletea sahani ya mihogo ya nazi,
kasimama mlangoni, kalitazama kopo, kenda zake.

Hamadi: "Mtoto wetu kwanza." Kweli.
Mama mkwe: "Mlinzi ni Mungu." Kweli.
Nikazisuka kweli zote mbili usiku kucha,
mkeka usifike pembeni.

Nikikataa, na Raya asiugue,
nitakuwa nimeota moto wa kuni za wenzangu.
Na Shaame je, ikiwa...
Sentensi hiyo siimalizi.

Nikenda. Sikumuaga mtu.
Bi Zuwena hakunidanganya: lile la Kombo laweza kurudi,
ni dogo, lakini lipo.
Kaniandikia siku za kuangalia, kanipa dawa ya homa,
na namba yake ya simu nyuma ya kadi.
Raya kalia kidogo, kisha akaitaka ile pamba.

Sita. Saba.
Usiku wa nane mwili ukachemka.
Naloweka kitambaa, nakamua, naloweka.
Namba ya mwenye gari nimeiandika ukutani kwa mkaa.
Upande wa pili Shaame anatapika,
beseni linakwaruza sakafu.

"Hujalala, mwenzangu?" Asaa, kupitia udongo.
"Sijalala."
Hakuniuliza kwa nini.
Nami nikaloweka kitambaa.