Kijiko cha Bi Mwanasiti

Alinikatalia mlangoni, mguu mmoja nje, mmoja ndani:
"Udongo wa uwanja wangu? Mtoto wa watu, unyayo hautolewi.
Waliochukuliwa unyayo hapa Pongwe nimewaosha mimi."
Nikabaki na kichupa changu kilichochemshwa
na namba niliyokwisha kuibandika: arobaini na moja.

Ningemwelezaje?
Kwamba ile harufu inayopanda mvua ikigusa vumbi,
ile inayowatamanisha wajawazito kulamba ukuta,
ni pumzi ya vijidudu visivyoonekana,
kwamba huko chini vinapigana usiku na mchana
kwa sumu nyembamba kuliko uzi wa mkonge,
na sumu ya kimojawapo huenda ikawa dawa yetu.

Maabara yetu ilikuwa stoo ya majembe.
Joto tunalipata kwa taa moja ndani ya sanduku la samaki,
vyombo tunavichemsha katika sufuria ya presha
aliyotuazima mama yake Semkiwa, kwa sharti
kwamba Ijumaa irudi: pilau haingoji sayansi.
Mwalimu Chambuso husema, nawa. Kisha, nawa tena.
Umeme ukikatika tunalikumbatia sanduku kwa zamu,
kama kuku.

Sijamwambia mwalimu kwa nini nilijiandikisha.
Hiza, kaka yangu, alichomwa na mwiba wa mkonge gotini.
Nilitumwa duka la dawa na hela ya dozi nzima.
Nikanunua nusu.
Iliyobaki, vocha.
Kidonda kikafumba mdomo wiki moja, kikafumbua,
na kule Bombo daktari akasoma karatasi ya vipimo
akiita dawa moja moja kwa jina,
kama mwalimu anayeita darasa lililotoroka.
Hakuna iliyoitika.
Ikaitika ya mwisho, ya sindano. Tuliuza baiskeli.
Sasa anachechemea. Hajui habari ya vocha.

Jumanne Bi Mwanasiti alikuja mwenyewe shuleni,
kijiko cha bati mkononi, kimefunikwa jani la mgomba.
"Nimechota pasipokanyagwa na mtu," akasema,
"ubavuni mwa banda la kuku. Na kijiko nakitaka."
Hakueleza kilichomgeuza. Sikuuliza.

Siku ya nne, sahani ya arobaini na moja:
vimelea tuliopanda vimetanda kama maziwa yaliyomwagika,
na katikati punje moja, rangi ya chaki,
na kuizunguka punje, uwazi.
Duara. Ndani yake hamna kitu.
Sijapata kuona "hamna" ikanifurahisha hivyo.
Semkiwa alipiga ukelele. Mwalimu alisahau kusema nawa.
Mimi nililitazama duara lile mpaka likawa goti.

Tukatuma Dar. Miezi mitatu.
Jibu lilikuwa mistari miwili:
sumu hii inajulikana, iliandikwa babu zenu hawajaoa,
na vimelea vingi vimekwisha kuizoea. Asanteni, endeleeni.

Nilimrudishia kijiko, kimechemshwa mara mbili.
"Haya, udongo wangu umesema nini?"
"Umesema kweli, bi. Ila kweli yenyewe wanayo tayari."
Akakigeuza kijiko, akakikagua huku na huku
kama mtu aliyekodisha.
"Mbona kimeng'aa hivi?"
Kisha, akiwa amekwisha kunipa mgongo:
"Nyuma ya choo cha zamani hujachimba.
Njoo kesho. Na uje na kijiko chako."