Ukurasa wa 114 hadi 129

Nimejikuta ndani ya marejeleo ya mtu.
Apondi, R. O., mwaka elfu mbili na kumi na saba,
konokono wa kichocho kwenye kingo za Usoma,
juzuu la nane, toleo la pili,
ukurasa wa 114 hadi 129.
Jina ni langu. Hata herufi ya babangu imekaa mahali pake.
Ila makala hayo sikuyaandika.

Ilikuwa saa kumi, mvua ya Kisumu ikipiga mabati
kama mtu anayemwaga choroko kwenye ungo,
nami peke yangu ofisini.
Jarida letu ni dogo: hutoka mara mbili kwa mwaka
fedha zikiwapo, mara moja zisipokuwapo,
na mhariri wake ndiye mfagizi wake.

Mwandishi amenieleza aya nzima, kile nilichogundua.
Ni kazi nzuri, jamani.
Vituo kumi na viwili, miezi ishirini na minne,
masika na vuli zote zimehesabiwa,
hitimisho limenyooka.

Mimi nilifika vituo vitano tu.
Miezi saba. Daftari ninalo kabatini,
limevimba kwa maji ya ziwa, linanuka samaki hadi leo;
ukurasa wa mwisho ni wa Ijumaa, kwa penseli:
konokono 211, ndoo imetoboka, Ojwang' anakojoa damu.
Kisha ruzuku ikaisha. Kisha mama akaugua.
Kisha nikawa msomaji wa kazi za wengine.

Nikampigia mwandishi, kijana Khaoya wa Budalang'i.
Hakukana. Mtoto wa watu, sauti ilimkauka.
"Daktari, maji nimeyachota mwenyewe.
Tope la Nzoia nimelala nalo. Matokeo ni yangu hadi nukta.
Usiku wa mwisho tu, saa nane, bando likikaribia kuisha,
niliiomba akili unde inijazie marejeleo.
Ilijaza haraka sana,
nikadhani haraka ile ni ujuzi."

Sikumkaripia. Ningeanzia wapi?
Mimi pia huipa mashine Kiingereza changu
ikichambue kama mchele wa Ahero, itoe mawe.
Lakini mchele ni wangu, na wali nitauonja kabla ya mgeni,
na mgeni nitamwambia nani alinisaidia kuchambua.
Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia:
mashine haina aibu, Khaoya. Haijui tofauti
ya kisima na picha ya kisima.
Ukimtaja mtu, mtafute. Fungua ukurasa wa 114
uone kama upo.
Siku watoto wa Port Victoria watakapopewa dawa
kwa hesabu zilizobeba jina lako,
wewe ndiye utakayeulizwa.

Akanyamaza. Kisha akasema polepole,
kama anayekanyaga ubao uliooza:
"Kwa hiyo yale makala ya Usoma, Daktari,
hayakuwahi kuwapo kabisa?
Yalinisaidia sana kufikiri."

Sikumjibu. Mvua ilikuwa imekwisha,
nikasingizia mtandao.

Sasa kalamu nyekundu iko mkononi.
Bodi ya kupandisha vyeo inakaa mwezi wa sita.
Nahitaji machapisho mawili zaidi,
na hapa pana moja, tayari, lina juzuu, lina kurasa,
na limeshanukuliwa, na mtu asiyenidai hata soda.
Nani atakwenda kutazama?
Mkono umesita, siwadanganyi,
muda wa kunywa nusu kikombe cha chai.

Kisha nimelikata jina langu
kuanzia A mpaka nukta ya mwisho,
na pembezoni nimeandika:
Hayapo. Bado.