Sehemu ya Tisa

Kwenye televisheni kuna mji mdogo wenye ukungu.
Newala nayo ina ukungu, kwa hiyo sikupata shida.
Kazi yangu kutafsiri. Lugha yao siijui.
Natazama midomo, nahesabu pumzi,
mtu akifungua kinywa namtilia neno:
"Usiku ule, afande, sikusikia kitu."

Kiingilio mia tatu. Banda la mabati nyuma ya soko,
mapazia ni magunia ya korosho, bado yananuka salfa,
na jenereta la Mchopa linakohoa huko nje
kama mtu anayetaka kusema jambo halafu anaghairi.

Sehemu ya kwanza: tarishi wa posta wa mji ule hayupo.
Baiskeli yake imeegemea ukuta.
Hakuna anayeuliza.
Muuza mikate anapanga mikate,
mwalimu anafuta ubao usioandikwa kitu,
na mwanamke mmoja, kila jioni,
anaandaa sahani ya pili, inapoa, anawamwagia kuku.

Watu wakacheka. "Mji gani huu," alisema Zuwena wa vitumbua,
"mtu anapotea na wenzake wanakula!"
Mji wa ajabu, wakakubaliana,
huku wakimenya ming'oko na kutupa maganda chini.
Kisha wakarudi majumbani, wakala.

Wiki ile ndoo ya maji ilifika elfu moja.
Walikuja hivyo hivyo, na miguu ya vumbi,
wakitaka kujua nani alizima taa ya posta,
kwa nini mbwa wa daktari hapiti njia ya kisimani.
Nilibuni. Walinisadiki.
Mwenyekiti wa chama cha msingi hukaa mbele, kwenye kiti chake,
halipi, tumemzoea.
Somoe Chipwaza hukaa nyuma kabisa, karibu na mlango.
Yeye hulipa. Sarafu zake huwa za moto,
kazishika mkononi tangu njia ya Mkunya.

Sehemu ya tisa mpelelezi akavuta droo,
akatoa daftari.
Kamera ikasogea, maandishi kama nyayo za kuku,
na midomo yake ikaanza kwenda, taratibu, muda mrefu.
Lazima nijaze. Nikafungua kinywa
na kilichotoka sikukipanga:

"Gunia la Bibi Akuchigombo, kilo themanini. Limeandikwa sabini na nne.
La Nandonde, themanini na moja. Sabini na tano.
La mjane wa Luchingu, sitini. Hamsini na nne.
Mzani si mgonjwa. Mzani umefundishwa."

Maganda yakaacha kuanguka.

Miaka mitatu sasa pikipiki ya Bakiri, karani,
imeegemea ukuta wa ghala, kuku wametagia kwenye tandiko.
Alinisomea mistari ile usiku mmoja, kwa tochi ya simu,
akaniuliza, "Nawe ungefanyaje?"
Nikamwambia nina usingizi.
Asubuhi tukaambiwa kavuka Ruvuma, kafuata mwanamke.
Tukasema, ee, wanaume.

Nyuma, karibu na mlango, sauti ya Somoe:
"Irudishe."

Nikairudisha. Droo ikajifunga, ikafunguka tena.
Mpelelezi akalitoa daftari kama hajawahi kuliona.
Nikatafuta neno jingine, neno la uongo, la kawaida,
barua ya mapenzi, deni la pombe, lolote.
Mwenyekiti hakugeuka. Alikohoa mara moja tu.
Mchopa ni shemeji yake.
Jenereta likazima.

Giza la banda la mabati lina joto lake.
Nilingoja benchi lilie, mtu ainuke,
mtu adai mia tatu yake.
Hakuna benchi lililolia.
Ukungu ulikuwa unaingia kwa chini ya magunia,
nausikia kwenye vifundo vya miguu.

"Endelea," akasema Somoe.
"Picha tunaijua."