Dakika Tatu za Mkasi Shoka

Wameniambia nina dakika tatu.
Kipaza sauti kinapiga mluzi, nakisogeza kando:
bonde la Sizini ni pana, nami nimezoea kumwita
mtu wa ng'ambo ya pili bila umeme.

Sera mmeisoma, nimeisikiliza.
Kurasa sitini na mbili, na jaladani picha ya mpunga
usio wetu. Wetu hausimami wima hivyo,
wetu huinama mapema
kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Nilikuwa na vipande vitatu.
Kimoja bahari imekichukua bila kutia saini.
Mwaka wa kwanza maji yalikuja yakarudi,
wa pili yakakaa kitako,
wa tatu mashuke yakatoka meupe, makapi,
ukipeta hakibaki kitu unguni ila upepo.

Bwana shamba Ngwali alikuja na kijiti chenye kioo,
akakichoma ardhini, kikatoa nambari.
Mimi nikaokota udongo, nikautia ulimini.
Tukatazamana.
"Sita nukta moja," akasema.
"Huu wa kuungia mchuzi," nikasema.
Kumbe tunasema neno moja.

Basi tukafanya kazi, yeye na kijiti, mimi na jembe.
Tuta, na mbele yake mikoko michanga.
Mlango wa bomba, hufungwa bamvua likija,
na saa yake simu humwambia mjukuu wangu.
Samadi. Majani ya mgirisidia, mizigo kwa mizigo.
Mbegu nilimwomba Time Haji,
aliyeiweka kibuyuni tangu enzi ya mamake:
kijicho, ndilo jina lake,
na msimu ule majirani wakatuonea.

Pishi kumi na nne.
Nimewahi kuvuna thelathini,
nimewahi kurudi na kamba tu.

Sasa ukurasa wa arubaini mnasema
mbegu ni ile yenye lebo.
Ya Time haina lebo, ina kibuyu.
Muandikeni na yeye, hata kwa penseli.
Ukurasa wa pili yake mnasema trekta.
Nalitaka trekta, msinielewe vibaya,
mgongo wangu si mila ya kuhifadhiwa.
Lakini lije kabla ya mvua,
si kama mwaka juzi, lilipozama hadi masikio
tukalitoa kwa kamba na kalima.

Na kijiti cha Ngwali ni kimoja, Pemba nzima.
Kikiwa Micheweni,
Mkoani wanaonja kwa ulimi.

Namuona mwenyekiti anatazama saa.
Jambo moja, kisha nakaa.

Nilipoingia nilipita jikoni kumsalimu mpishi.
Gunia limeegemea ukuta, nikalisoma:
mapembe. Limeshushwa bandarini,
limevuka bahari ile ile iliyokula kipande changu.
Ndilo tutakalolila saa saba
tukishamaliza kuzungumza chakula.

Sisemi msilipike.
Nimetoka nyumbani alfajiri, na njaa ninayo.
Nauliza tu: mwakani mkituita tena,
karatasi hizi zishapigwa muhuri,
mpishi nimletee pishi ngapi?